Jaji aachiwe nafasi ya kupima

Mhariri,

Niliwahi kukaa mahakamani kama mzee wa baraza katika kesi ya mauaji, nikamsikia wakili akiomba huruma kwa sauti ya chini, kwamba mshtakiwa hakuwahi kutiwa hatiani na ana watoto wadogo, ilhali sote tulijua kuwa jaji hana la kupima, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ilimwachia hukumu moja tu: kunyongwa hadi kufa. Jaji alivua miwani, akaifuta, akaisoma hukumu hiyo.

Uchungu wa waliofiwa siupuuzi. Nami nimezika ndugu aliyeuawa. Ila sioni haki katika kumpa aliyepanga mauaji kwa miezi adhabu ileile ya kijana aliyeburutwa na wenzake. Mahakama ya Juu ya Kenya iliukataa ulazima wa hukumu ya kifo kwa kila muuaji mwaka 2017, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa hapa Tanzania, jijini Arusha, ikaamua kwamba unakiuka haki ya kuishi. Sisi hatujamnyonga mtu tangu miaka ya tisini, lakini hukumu tunazitoa, na wafungwa wanazeeka wakisikilizia nyayo mlangoni. Bunge lirekebishe angalau kifungu hicho cha Kanuni ya Adhabu kinachomfunga jaji, hata kabla ya kujadili kuifuta adhabu yenyewe.

Mzee wa baraza mstaafu,
Dodoma