Mpwa wangu, hilo jedwali lako la kima wa Brazil lina pengo

Mpwa wangu mpendwa,

Kwanza, kwenye jedwali la idadi ya kima wawili ulilonitumia, futa neno "nyani" pale juu. Nyani ni wa kwetu Afrika. Hao wawili ni kima wa Msitu wa Atlantiki, ule wa upande wa pwani ya Brazil: tamarini-simba wa dhahabu na muriki wa kaskazini.

Tamarini hana uzito mkubwa, gramu 600 hivi, na picha yake iko kwenye noti ya reais 20, pesa ya Brazil. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kubaki 200 tu, jimbo la Rio de Janeiro. Hifadhi ya Poço das Antas ilianzishwa mwaka 1974. Kuanzia 1984 waliozaliwa kwenye bustani za wanyama wakaanza kurudishwa msituni. Mwaka 2003 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikawatoa daraja la "hatarini mno" na kuwaweka "hatarini". Kisha homa ya manjano ikawapunguza kutoka 3,700 (2014) hadi 2,500 (2018). Sensa ya 2023? 4,800. Jike huzaa pacha, baba na ndugu wakubwa husaidia kubeba, kwa hiyo pengo huzibika upesi. Isitoshe, huingia mtegoni kwa ndizi, wakachanjwa na kuachiwa.

Muriki ndiye anayenikosesha raha. Ana kilo 10 hivi, hula majani kama mbega, na mkia wake hushika tawi kama mkono. Wamebaki chini ya 1,000, hasa majimbo ya Minas Gerais na Espírito Santo, na bado wako "hatarini mno". Jike huzaa mtoto mmoja kila miaka 3 hivi, tena uzazi wa kwanza humkuta na miaka kama 9. Kumchanja nako ni kazi: hukaa juu sana, na ukimpiga sindano ya usingizi kwa bunduki anaweza kudondoka akaumia vibaya.

Tena kuna hili watu hulisahau: kwa muriki, anayehama kundi alilozaliwa ni binti, akifika miaka 6 hivi. Msitu ukiwa kipande kilichozungukwa na malisho ya ng'ombe, anatoka na hakuna kundi la kumpokea. Nyuma hubaki madume, kama ilivyotokea Ibitipoca, huko Minas Gerais. Hapo huwezi kungoja wazaane; lazima umlete jike kutoka kwingine.

Kwa hiyo, kando ya idadi, ongeza safu mbili: muda kati ya uzazi na uzazi, na nani huhama kundi. Ukimaliza nitumie tena.

Mjomba wako