Somo la klasta za kontena Jumamosi hii

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Somo letu la Kubernetes, yaani mfumo wa kusimamia programu zilizofungashwa katika kontena, litafanyika Jumamosi saa 4 asubuhi, Njiro, katika ukumbi ule ule wa mwezi uliopita. Kila mmoja aje na kompyuta yake.

Mchango ni Sh. 10,000 za kulipia wingu (kompyuta za kukodi mtandaoni), kwa kuwa Amazon EKS, huduma ya Amazon ya kuendesha Kubernetes, hutoza dola 0.10 kwa saa kwa kila klasta (kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja), mbali na gharama za nodi, yaani kompyuta zenyewe za klasta, hata klasta ikiwa haina kazi. Kwa hiyo tutatumia klasta moja, kila mshiriki akiwa na sehemu yake iliyotengwa, na tutaifuta kabla ya kutawanyika. Hilo naliomba kwa msisitizo.

Tafadhali thibitisheni hapa na mtume mchango kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi saa 12 jioni. Karibuni sana.