Sauti mbovu ilikuwa ya Hyacinth, si ya Patricia

Mhariri,

Nashukuru kwamba gazeti lako lilimkumbuka Patricia Routledge, mwigizaji wa Uingereza aliyefariki Oktoba 3, 2025 akiwa na miaka 96. Ila mwandishi wenu amesema kwamba mama yule alichekesha watu kwa sababu hakujaliwa sauti, na akajua kuitumia kasoro hiyo. Niliposoma hapo niliweka kikombe chini, nikatafuta kalamu.

Sauti mbovu ilikuwa ya Hyacinth, mama wa kuchekesha ambaye Patricia alimwigiza kwenye televisheni. Ya Patricia ilikwisha kumpa tuzo mbili kubwa za maigizo ya muziki, moja New York na moja London, kabla Hyacinth hajaonekana kwenye televisheni hata siku moja.

Kwa wasioujua, mchezo wenyewe ni Keeping Up Appearances, ulioandikwa na Roy Clarke na kurushwa na BBC kuanzia 1990 hadi 1995. Mimi niliuona kwenye kanda alizorudi nazo dada yangu kutoka Uingereza. Hyacinth ameolewa kwa akina Bucket, neno ambalo kwao ni ndoo. Yeye ndoo haitaki. Anang'ang'ania litamkwe Bouquet, kama shada la maua, na simu ikilia anaipokea kwa sauti ya mke wa balozi. Ndugu zake Daisy na Rose wanaishi na Onslow, mume wa Daisy, mtu wa fulana na bia, na mbele ya nyumba yao kuna gari bovu analolala mbwa. Hyacinth akipita tu, mbwa anabweka, naye anarukia ua wa majani pamoja na kofia yake. Elizabeth, jirani, akikaribishwa chai mikono inamtetemeka hadi kikombe kinalia kwenye kisahani, kwa hofu ya kuvunja vyombo vya fahari. Kama nyumba mliyokulia ilikuwa na kabati la kioo lenye vikombe vya wageni visivyoguswa na watoto, Hyacinth mnamjua tayari.

Sasa, Elizabeth ana kaka, Emmet, mwanamuziki. Hyacinth akimwona anampasulia wimbo papo hapo, hata kama yuko barabarani. Maskini Emmet anachungulia mlangoni kabla ya kutoka, kama mtu anayedaiwa.

Sikilizeni vizuri anavyoimba pale. Hapotei ovyo. Anapanda ngazi sawasawa, anafika juu, kisha anaipita noti kidogo tu, anaing'ang'ania, anaitikisa kama anatikisa sanduku la sadaka, halafu anaikata ghafla. Na kesho yake anakosea palepale.

Nasema hivi kwa sababu nimejaribu. Naimba alto kwenye kwaya ya kanisa hapa Morogoro, mwaka wa 19 huu. Mwaka juzi tuliandaa igizo la Krismasi, nikapewa nafasi ya mama anayeimba vibaya. Nikaona mteremko. Kumbe! Kinanda kikitoa "so", koo langu linakwenda lenyewe kwenye "so". Nikijikaza nipite juu kidogo, alto wenzangu wananivuta nirudi. Nikiamua kupiga kelele tu, hakuna anayecheka, watu wanaziba masikio. Mwalimu wetu akawa ananiambia, "Mama, kosea, lakini kosea pale pale." Baada ya wiki tatu aliniondoa kwa upole, nafasi akampa soprano wetu anayeimba peke yake siku za sikukuu. Yule binti aliiweza mazoezi ya kwanza.

Patricia alizaliwa 1929 huko Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool, baba yake akiwa na duka la nguo za wanaume. Alisoma Kiingereza Chuo Kikuu cha Liverpool, akaingia jukwaani Liverpool Playhouse. Mwaka 1968 alicheza Darling of the Day kule Broadway, kwenye majumba ya maigizo ya New York. Mchezo haukumaliza mwezi, lakini yeye alipata tuzo ya Tony, akigawana na Leslie Uggams. Mwaka 1976 alirudi Broadway kwenye mchezo wa muziki wa Leonard Bernstein kuhusu Ikulu ya Marekani. Huo nao ulifungwa baada ya maonyesho saba. Humo alicheza wake wa marais, na katika wimbo mmoja alikuwa wake wawili kwa wakati mmoja, anayeondoka Ikulu na anayeingia, akiruka kutoka sauti nzito ya huyu kwenda sauti nyembamba ya yule na kurudi. Mwaka 1988 akapata ile ya London, tuzo ya Olivier, kwa Candide, kazi nyingine ya Bernstein.

Lakini linalonigusa zaidi ni la Desemba 1992. Wakati Uingereza nzima inamcheka Hyacinth, Patricia aliingia National Theatre ya London kucheza Carousel. Alikuwa Nettie, mama anayemwimbia mjane aliyefiwa muda huohuo. Wimbo wenyewe ni You'll Never Walk Alone, ule ule wanaouimba mashabiki wa Liverpool na ambao vijana wetu wanaujua kwenye vibanda vya mpira. Mtoto wa ng'ambo ya mto. Hiyo siyo nafasi ya kumpa mtu asiye na sauti.

Ombi langu ni dogo: sentensi ile irekebishwe.

Najua barua inarefuka. Mwaka huohuo wa 1988 Patricia aliigiza, peke yake mbele ya kamera, mwanamke aliyebuniwa na Alan Bennett, Irene Ruddock, ambaye kazi yake ni kuandika barua za malalamiko kwa kila mtu: ofisi, kanisa, majirani. Aliandika mpaka akafungwa, na huko gerezani ndiko alikopata raha na marafiki. Hii ni barua yangu ya tatu kwenu mwaka huu, kwa hiyo naishia hapa.

Mwanakwaya,
Morogoro