Kabla hujafuta memori kadi, ifungue kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaonunua na kuuza vifaa chakavu vya umeme, hasa mashine za gemu za zamani. Mimi ni fundi redio hapa Mwanga, Kigoma. Mwaka wa kumi huu nakusanya mashine hizo: PlayStation zilizokufa, Game Boy zinazotokea ndani ya mabelo ya mitumba, na zile za kaseti za njano ambazo rika letu tulizijua kwa jina la Terminator. Nyingine nazitengeneza nauza, nyingine nabaki nazo.

Mwezi uliopita nilinunua PlayStation 2 kwa muuza chuma chakavu mmoja jirani na soko. Ilikuwa haiwaki, skrubu zimeshika kutu, nikaichukua kwa shilingi 12,000 kwa ajili ya vipuri tu. Kwenye mfuko alionifungia kulikuwa na pedi mbili zilizokatika nyaya na memori kadi moja nyeusi, kile kikadi kinachotunza gemu ulipoishia, iliyobandikwa plasta, ile ya kidonda. Juu ya plasta mtu ameandika kwa peni ya bluu: USIFUTE.

Muuzaji akaniambia kadi zilikuwa tatu. Mbili alishaziuza kwa kijana wa kibanda cha gemu, na kabla ya kuziuza alizifuta zote, kwa kuwa wateja hawataki kadi yenye vitu vya watu. Hii ya tatu ilisalimika kwa sababu plasta iliifanya isiingie kwenye tundu, naye akaona uvivu kuibandua. Nimeiwaza sana hiyo plasta.

Niliitoa polepole kwa spiriti, nikaichomeka kadi kwenye mashine yangu nzima. Ndani kulikuwa na faili la gemu la mpira, Pro Evolution Soccer 6, limehifadhiwa mara ya mwisho Novemba 2007, saa tisa usiku. Nilikuwa na diski ya Winning Eleven 10, ambayo ni gemu hilohilo kwa toleo la Japani, nikajua kazi imekwisha. Wapi! Faili la toleo la Ulaya linataka diski ya Ulaya. Nilihangaika wiki nzima hadi nikaipata Ujiji, kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa na kibanda. Diski zake bado amezipanga kwenye ndoo ya rangi, kila moja ndani ya karatasi ya daftari.

Wasiolijua gemu hili niwaeleze kidogo. Waliolitengeneza hawakuwa na haki ya kutumia majina ya timu zote, ndiyo maana Liverpool inaitwa Merseyside Red na Chelsea inaitwa London FC. Lakini mchezaji anaruhusiwa kubadilisha majina, jezi, sura za wachezaji, hata kuchora nembo doti kwa doti. Tanzania haimo, Simba haimo, Yanga haimo. Mwenye kadi hii aliziingiza mwenyewe. Merseyside Red ameigeuza Simba, na golini kasimama KASEJA. London FC amewavisha kijani na njano wakawa Yanga, beki wa kulia NSAJIGWA. Nembo ya Simba ameichora mwenyewe, na mnyama yule ana masharubu marefu kuliko mkia.

Hayo nayaheshimu, ingawa vijana wengi wa vibanda walikuwa wakifanya hivyo. Kilichonifanya niandike barua hii ni timu ya tatu. Inaitwa UJIJI, jezi nyeupe yenye mstari mmoja mwekundu. Ina wachezaji 14 aliowaunda mwenyewe, na hakuna hata mmoja ambaye gazeti lako limewahi kumtaja. Kuna MGEBUKA, urefu sentimita 192, kilo 62, kasi 99. Aliyewahi kumuona samaki mgebuka akitolewa ziwani ataelewa jina hilo lilimpataje mtoto wa watu. Kuna DOGO LIEMBA. Kuna TICHA, umri miaka 39, kipara, viatu vyeusi wakati wenzake wote wamevaa vyeupe. Kuna MUDI, anapiga mguu wa kushoto, kila kipimo chake kiko chini, hakimbii, hapigi kichwa, hana pumzi, ila amewekewa nyota moja tu: ya penalti. Na golikipa wao ana sentimita 163, uwezo wa kudaka 99.

Mtu hatungi golikipa wa sentimita 163. Huyo alikuwepo. Alikuwa mfupi, alikuwa anadaka, na rafiki yake alikaa usiku akabonyeza pedi kushusha urefu, kisha akabonyeza tena kupandisha udakaji mpaka namba ikagoma. Nilijaribu kumtengeneza mchezaji mmoja wa namna hiyo kuanzia jina hadi viatu, nikatumia dakika 25. Kwa wachezaji 14 ni karibu saa sita, achilia mbali jezi na nembo, katika miaka ambayo kijana alikuwa analipia kibandani kila mechi.

Wapo wanaokusanya gemu kwa kutafuta bei, na siwalaumu, kila mtu na riziki yake. Lakini PlayStation 2 zilizouzwa duniani zinapita milioni 155. Mashine hiyo haijawa adimu. Timu ya UJIJI ilikuwa kwenye kadi moja tu, na isingekuwa plasta, ingefutwa.

Nasema haya nikiwa na kosa langu mwenyewe moyoni. Miaka minne iliyopita muuza mitumba aliniletea kaseti ya Game Boy aliyoikuta kwenye mfuko wa koti la mtoto. Ilikuwa The Legend of Zelda: Link's Awakening, ya mwaka 1993, maandishi ya Kijerumani. Gemu lile linakuruhusu kumpa shujaa jina lako, herufi zisizozidi tano. Nikawasha, nikakuta JONAS, na mioyo, zile alama za uhai wa shujaa, imejaa karibu mistari miwili. Nikafurahi, nikazima, na kwa haraka ya ufundi nikaamua kubadilisha betri maana ilikuwa ya zamani. Nikaichomoa kwa pasi ya risasi. Kaseti zile zinatunza kumbukumbu kwa umeme wa betri ndogo ya volti 3 iliyomo ndani. Ukiitoa bila kuweka umeme mwingine pembeni, kumbukumbu inaondoka papo hapo. Nilijua hivyo. Nilisahau kwa sekunde moja. Nilipowasha tena, sehemu zote tatu za majina zilikuwa tupu. Mtoto yule sasa ni mtu mzima huko aliko, na koti lake liliwahi kufika Kigoma na safari yake yote mfukoni. Mimi ndiye niliyeifuta.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wenzangu: kwenye kaseti za betri, shikiza kwanza betri ya pili sambamba na ile ya zamani, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ndipo uguse pasi. Msingoje, kwa sababu betri nyingi za miaka ya tisini zimebakiza muda mchache. Memori kadi za PlayStation hazina betri, zinaweza kukaa na siri zao miaka mingi. Adui yao ni mkono wetu. Na ninyi wauzaji, kabla hamjafuta, ichomekeni kadi mwone kuna nini. Mkikuta majina ya watu, nileteeni. Nitawapa kadi nyingine tupu, nzima, bure, muuze hiyo.

Timu ya UJIJI nimeshainakili kwenye kadi ya pili, na ile ya kwanza nimeirudishia plasta yake. Naitafuta familia ya mwenye kadi. Kama mwenyewe anasoma, au MGEBUKA anasoma, au TICHA, nipo Mwanga, ulizia fundi redio mwenye meza ya buluu upande wa juu wa soko. Nimetaja wachezaji kadhaa hapa, lakini jina la golikipa nimelificha makusudi. Atakayekuja akanitajia jina hilo, kadi ni yake, na mashine nimeshaifufua, ataondoka nayo pia.

Fundi redio,
Mwanga, Kigoma