Kwako uliyemtundika Trishala ukutani

Rafiki yangu,

Tangu msiba wa mamako hupokei simu zangu, basi nakuandikia hapa kuhusu ule ukurasa wa picha ya Trishala, uliotoka kwenye kitabu kitakatifu cha Wajain, wafuasi wa dini ya kale ya India.

Aliyenifundisha kuzisoma picha za namna hii ni mamako. Kila Paryushan, sikukuu kubwa ya Wajain, alitushika mikono, wewe huku mimi kule, hadi hekaluni Mombasa, siku zinapotolewa sanamu za fedha za ndoto 14 za Trishala, mamake Mahavira, mwalimu mkuu wa dini hiyo: tembo mweupe, fahali, simba, Lakshmi mungu wa kike wa neema, mpaka ile ya mwisho, moto usio na moshi. Mimi mtoto wa Kiislamu wa jirani, na hakuna aliyeniuliza nafuata nini pale.

Ndiyo maana siisahau jioni ile kwako London. Nilimtambua Trishala kabla sijavua koti. Amelala kitandani, nyuma yake wekundu mtupu, jicho la pili limetokeza nje ya uso kama walivyochora mafundi wa Gujarat, India, karne ya 15. Katikati ya maandishi lile duara jekundu, pale ulipopita uzi zamani vitabu vilipoandikwa kwenye majani ya miti jamii ya mitende. Karatasi ilipokuja tundu likakosa kazi, wachoraji wakabaki na duara. Na jua la dirishani limempiga usoni. Nikakuuliza kitabu chenyewe kiko wapi. Ukajibu mbele ya wageni, "Sijui, muuzaji huuza kurasa moja moja."

Moja moja! Kalpasutra ile, kitabu kitakatifu chenye maisha ya Mahavira! Mtu alitoa mali yake inakiliwe, ipakwe dhahabu, akaikabidhi kwa watawa apate thawabu. Mgongoni mwa Trishala wako maneno yanaendelea, nawe umeyafunika kwa ubao.

Najua ulimnunua mwaka aliofariki mamako, ukitaka kitu chake karibu. Kwa hilo nakupenda. Lakini mtoe juani. Fungua fremu, piga picha pande zote mbili, uwapelekee wanaotunza miswada kule Gujarat, mjini Patan au Ahmedabad. Huenda wakajua ukurasa huo ulikochanwa. Na yule muuzaji usimpe tena hata senti, maana kila anunuaye ukurasa anamlipa achane mwingine.

Unasema nilikuaibisha mbele ya wakwe zako. Nilipaza sauti, ndiyo. Nani mwingine angesema? Mama angenyamaza kwa adabu zake, kisha usiku alie peke yake. Nilimsemea, na ukinialika tena nitasema vilevile.

Zile picha nitumie mimi kwanza, nizisome kabla hazijaenda. Namba yangu ni ileile.