Mwanangu, ukienda Ironbridge lala huko huko

Mwanangu Zuhura, asalaam aleikum.

Mama yako kaniambia likizo hii we na wenzako mnataka kwenda London tena. London ipo tu, haihami. Mimi naona mgeukie upande mwingine, hapo Birmingham mkipanda treni ya Shrewsbury mnashuka Telford Central halafu mnachukua basi mpaka Ironbridge, kamji kenye daraja la kale la chuma, ila cheki ratiba ya mabasi kwanza hasa kama ni Jumapili msije mkakwama.

Daraja lenyewe lilisimamishwa 1779 juu ya mto Severn, watu wakaanza kulipita Mwaka Mpya wa 1781, ndo daraja kubwa la kwanza la chuma duniani, toka nguzo ya ng'ambo hii mpaka ya ng'ambo ile kama mita 30 hivi. Sasa usiwe kama wale wanaopiga selfi pale juu wakaondoka. Shuka chini mtoni uangalie juu. Nilipokuja kwa shangazi yako Wolverhampton akanipeleka, nilikaa pale mpaka shingo ikauma, manake hamna welding pale, chuma kimeachiwa tundu, kingine kina ulimi unaingia humo, halafu kinagongewa kabari. Yaani ni maungio yetu ya useremala yale yale ya mlango na kitanda, ila ni chuma tupu, karibu tani 380! Baadaye ndo nikasoma kwamba Pritchard aliyelichora alianza kama seremala, akafa 1777 hata hajaliona, kazi akaisimamia Abraham Darby wa tatu. Babu yake huyo Darby ndo aliyeyeyusha chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza, badala ya mkaa wa miti, mwaka 1709, na tanuri lake bado lipo hapo Coalbrookdale, mnaweza kwenda kwa miguu.

Kupita darajani ni bure siku hizi, zamani walilipia mpaka 1950. Soma kile kibao cha ushuru, kinasema hata familia ya mfalme inalipa, nilicheka sana.

Siku ya pili iwe ya Blists Hill. Ni mji wa enzi za Malkia Victoria walioupanga upya, wafanyakazi wamevaa nguo za kale, unaingia benki unabadilisha hela zako unapewa shilingi na peni za zamani unanunulia vitu mle mle. Tenga siku nzima. Chipsi zao lakini wanakaangia mafuta ya ng'ombe kwa hiyo uliza kabla hujala. Makumbusho ya vigae Jackfield na ya vyombo vya kauri Coalport mpite mkiwa na muda, mimi vyombo havinisisimui.

Kulala sasa. Kuna hoteli inaitwa Tontine inatazamana na daraja, waliijenga wenye daraja wenyewe kwa ajili ya watu waliokuwa wanakuja kulishangaa, ila mfuko wa mwanafunzi sidhani. Tafuteni B&B ndogo, nyumba ya kulala na kifungua kinywa, au mlale Telford mjini, ingawa mtakosa asubuhi mapema kabla watu hawajajaa, na hiyo ndo saa yenyewe ya kwenda. Vaa raba, vile vilima vina mwinuko mkali, na mvua ikizidi mto unafurika kwa hiyo angalia hali ya hewa kabla ya kulipia chumba.

Niambie mnaenda lini, nauli nitampa shangazi yako. Na nipigie picha za karibu za yale maungio, za kwangu zilitoka giza.

Baba yako.