Kesi ya kadi ya benki haiishii kwa balozi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu wa Moshi na Arusha, hasa wenye vijana wanaofanya kazi hotelini, baa na kwenye ofisi za utalii.

Tumezoea kwamba kijana akiiba, wazee wanakaa kwa balozi wa nyumba kumi, mwenye mali anaombwa radhi, kilicholiwa kinalipwa, yanaisha. Kwa kuku wa jirani inawezekana. Sasa wizi umehamia kwenye kadi. Mhudumu anapewa kadi na mgeni akatoe malipo ya chakula, anaipiga picha mbele na nyuma, zile namba tatu za mgongoni zikiwemo, anamrushia WhatsApp mtu ambaye hata sura hajawahi kuiona. Anapata vihela vya vocha. Nilimkuta mama mmoja kituo cha polisi, bahasha mkononi, anauliza mwenye mali yuko wapi amwombe msamaha. Mwenye mali yuko Ujerumani, mama. Benki ilishamrudishia pesa yake, na aliyekatwa ni mwenye hoteli. Tena kesi ikishafunguliwa ni ya Jamhuri. Hata huyo Mjerumani akisamehe, haijafutika.

Vijana hawajui uzito wake. Kwa Kanuni ya Adhabu, wizi wa kawaida kifungo chake hakizidi miaka 7, na hakimu ana uhuru wa kushuka chini ya hapo. Ukitumia simu au kompyuta kumtia mtu hasara, unaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Saba ya huku ni dari, ya kule ni sakafu. Na hati ya mashtaka haiji na kosa moja. Utakuta kula njama, wizi, kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, vyote pamoja. Wa kwanza kukamatwa huwa yule mdogo aliyetoa laini yake pesa ipitie, maana laini imesajiliwa kwa alama ya kidole chake. Wakubwa wanatumia laini za wengine.

Kwa hiyo siku ya kwanza usikimbilie kwa balozi, kimbilia cheti cha kuzaliwa. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 hushtakiwa katika Mahakama ya Watoto, faragha, ofisa ustawi wa jamii akiwepo, na hafungwi jela. Asipopata dhamana, anawekwa mahabusu ya watoto, ambayo Moshi ipo na Arusha ipo, siyo gereza la Karanga au la Kisongo pamoja na watu wazima. Tatizo ni kwamba wengi walishadanganya umri ili wapate kazi baa, na kituoni wanarudia uongo ule ule. Polisi anaandika alichoambiwa. Kama cheti cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, hakipo, beba kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya shule. Umri ukitia shaka, mahakama ina wajibu wa kuuchunguza.

Aliyevuka 18 naye ana haki ya kuomba dhamana, na ya polisi hailipiwi hata senti. Ila kiasi kinachodaiwa kuibwa kikizidi milioni 10 (malipo ya kundi moja la wapanda mlima yanavuka hapo bila shida), mahakama hudai nusu yake, taslimu au mali. Hapo ndipo hati ya kiwanja cha bibi inapotolewa kabatini.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni ushauri wa korido: "Kubali kosa, uende nyumbani." Anayekiri mwenyewe hawezi tena kukata rufaa kupinga hatia, anabaki na adhabu tu ya kulalamikia. Makubaliano ya kukiri kosa yapo kisheria tangu 2019, lakini huandikwa na mwendesha mashtaka na kusajiliwa mahakamani. Hayanong'onezwi mlangoni na mtu anayetaka chai.

Naziomba ofisi za kata zibandike namba ya ofisa ustawi wa jamii na ya msaidizi wa kisheria wa eneo, pale pale panapobandikwa matangazo ya michango. Kwa asiye na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inataka huduma hiyo iwe bure.

Msaidizi wa kisheria,
Majengo, Moshi